Bahari ikivimba, soko hutikisika: Setilaiti zinavyosahihisha hesabu za mikondo

WAHENGA walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mwenye ghala la mahindi, mwenye malori au mwenye mifugo inayosubiri meli, mawingu ni dalili iliyochelewa. Yanapotanda, bei imekwisha badilika na barabara iko mashakani.

Mwaka 1997 ulitoa somo hilo kwa gharama kubwa katika Afrika Mashariki. Mvua za vuli zilianza mwezi Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka 1998. Sehemu za barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi zilisombwa na maji, na nchini Tanzania reli ya kati ilikatwa na mafuriko. Mizigo ilikwama njiani, mazao yakaoza mashambani, na wafanyabiashara waliokuwa wamefunga mikataba ya kupeleka bidhaa kwa tarehe maalumu walijikuta wakilipa gharama ambazo hawakuziweka katika hesabu zao.

Hata hivyo, dalili za mwanzo za hali hiyo zilikuwa zimekwisha pimwa miezi kadhaa kabla. Zilipimwa baharini, maelfu ya maili kutoka Mombasa na Dar es Salaam, na chombo kilichokuwa kikizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 1,336. Chombo hicho ni setilaiti ya TOPEX/Poseidon. Kazi iliyobaki kwa wataalamu ilikuwa kuviingiza vipimo vyake katika hesabu za kompyuta, ili vizae utabiri ambao mwenye mali anaweza kuutumia kabla ya kununua, kuuza au kusafirisha.

KIPIMO CHA SENTIMITA

TOPEX/Poseidon ilirushwa Agosti 10, 1992 kutoka Kourou, French Guiana, kwa ushirikiano wa shirika la anga la Marekani, NASA, na lile la Ufaransa, CNES. Ilitanguliwa na setilaiti nyingine, ikiwemo Seasat ya Marekani iliyorushwa mwaka 1978 na kuharibika baada ya miezi mitatu na ushei.

Namna inavyofanya kazi si vigumu kueleza. Setilaiti hupeleka mawimbi ya rada chini baharini, kisha hupima muda yanaochukua kurudi. Kwa kuwa mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, muda hugeuzwa kuwa umbali. Ikijulikana setilaiti yenyewe iko juu kiasi gani, umbali huo hutolewa, na kinachobaki ni kimo cha uso wa bahari mahali hapo. Kosa la kipimo kimoja lilikuwa takriban sentimita 4, yaani upana wa vidole viwili au vitatu, kutoka umbali unaozidi ule wa Dar es Salaam hadi Kigoma. Kila baada ya siku 10 chombo kilirudia njia zake zile zile na kuipima bahari upya.

Mtu anaweza kuuliza sentimita chache za bahari zinamhusu nini muuza nafaka. Jibu lina sehemu mbili.

Kwanza, maji yakipata joto hutanuka. Bahari iliyokusanya joto husimama juu kidogo kuliko ile ya baridi, na mwinuko mdogo wa uso huashiria tabaka la maji ya moto lililoshuka makumi ya mita chini yake. Kwa hiyo kimo cha uso ni kama kijiti cha kupimia mafuta kwenye tangi: mtu huona alama ya juu na kujua kilichomo ndani. Joto hilo ndilo linaloamua wapi mvuke utapanda na wapi mvua itanyesha.

Pili, bahari si tambarare. Ina vilima na mabonde ya maji, na kwa sababu dunia inazunguka, maji hayateremki moja kwa moja kutoka kilimani bali hukizunguka kilima. Ukijua mteremko, unaujua mkondo: unakwenda wapi na kwa kasi gani. Manahodha wa majahazi wa Lamu, Unguja na Muscat walijua kwa karne nyingi kwamba kusi na kaskazi hubadili safari zao. Mkondo wa Somalia hugeuka pamoja na pepo hizo, na wakati wa kusi hukimbia kuelekea kaskazini ukiwa miongoni mwa mikondo yenye nguvu zaidi duniani. Yale ambayo nahodha aliyajua kwa njia yake moja, setilaiti huyapima kwa bahari nzima.

TOPEX/Poseidon iliacha kazi mwaka 2005. Jason-1 ilikuwa imekwisha rushwa mwaka 2001, ikafuatiwa na Jason-2 mwaka 2008, Jason-3 mwaka 2016 na Sentinel-6 Michael Freilich mwaka 2020. Rekodi ya kimo cha bahari imeendelea hivyo tangu mwaka 1992 bila kukatika, jambo lenye thamani kwa yeyote anayejua umuhimu wa mfululizo mrefu wa takwimu za bei.

DAFTARI NA GHALA

Modeli ya bahari ni programu ya kompyuta inayoigawa bahari katika visanduku vingi, kutoka juu hadi sakafuni. Kila kisanduku kina joto lake, chumvi yake na kasi ya maji yake. Kanuni za fizikia husema kisanduku kimoja kinampa jirani yake nini baada ya muda fulani, upepo husukuma kutoka juu, na kompyuta husogeza hesabu mbele hatua kwa hatua. Msingi wa modeli za aina hiyo uliwekwa na Kirk Bryan na wenzake katika maabara ya GFDL huko Princeton, Marekani, miaka ya 1960.

Mwenye duka anaifahamu hesabu hiyo kwa jina jingine. Daftari lake huanza na mali iliyopo, kisha kila siku huongeza kilichoingia na kutoa kilichouzwa. Baada ya wiki moja daftari na rafu vinalingana. Baada ya miezi sita havilingani tena: mfuko mmoja ulichanika, mwingine uliliwa na panya, risiti moja haikuandikwa. Hakuna aliyeiba. Makosa madogo yamejumlishana. Ndiyo maana duka hufungwa siku moja ili mali ihesabiwe.

Modeli ya bahari huharibika vivyo hivyo. Upepo uliopimwa ukiwa na kosa dogo, maji ya moto huwekwa mahali pasipo pake, kesho kosa hilo huzaa jingine, na baada ya miezi michache bahari iliyo ndani ya kompyuta haifanani na ile ya kweli. Vipimo vya setilaiti ndiyo siku ya kuhesabu mali, isipokuwa hapa duka halifungwi: hesabu inakuja mfululizo huku kazi ikiendelea.

Ugumu uko katika kusuluhisha. Si kila tofauti kati ya daftari na ghala ni kosa la daftari, kwani hata anayehesabu magunia anaweza kuruka moja. Kwa hiyo programu hupima uaminifu wa pande zote mbili. Pale setilaiti inapoaminika zaidi, modeli huvutwa kuelekea kipimo. Pale kipimo kina mashaka, kwa mfano karibu na pwani ambako ardhi huvuruga rada, modeli huachwa ishike msimamo wake. Aidha, marekebisho yanapaswa kufuata kanuni za fizikia. Huwezi kuinua uso wa bahari kwa sentimita 10 bila kueleza maji hayo au joto hilo limetoka wapi, kama vile mhasibu hawezi kuongeza mali upande mmoja wa vitabu bila kuandika upande wa pili.

Setilaiti peke yake haitoshi, kwa sababu rada huona uso tu. Ndiyo maana ulianzishwa mpango wa kimataifa wa Argo, unaotumia maboya yanayozama hadi mita 2,000 na kupanda juu kila baada ya siku 10 yakipima joto na chumvi, kisha kutuma vipimo kwa setilaiti. Lengo la maboya 3,000 lilifikiwa mwaka 2007. Jina halikuchaguliwa ovyo: katika hadithi za Kiyunani, Argo ni chombo alichosafiria Jason. Kadhalika, setilaiti za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002, na GOCE ya mwaka 2009 zilipima nguvu ya uvutano ya dunia, ambayo peke yake huinua na kushusha uso wa bahari kwa makumi ya mita. Bila kuitoa tofauti hiyo, vilima vidogo vinavyoonyesha mikondo havionekani vizuri.

MODELI ILIYOKOSA MWAKA MUHIMU

Umuhimu wa kazi hiyo ulidhihirika kwa njia ya aibu kidogo. Mwaka 1986, Mark Cane na Stephen Zebiak wa kituo cha Lamont-Doherty cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitoa utabiri wa El Nino kwa kutumia modeli iliyounganisha bahari na hewa ya Pasifiki. Ulikuwa miongoni mwa utabiri wa kwanza wa aina hiyo, na kwa zaidi ya miaka kumi modeli ya Lamont ilikuwa na sifa nzuri.

Ikaja El Nino ya mwaka 1997, mojawapo ya zile zenye nguvu zaidi katika karne ya 20, na modeli hiyo ikashindwa kuiona.

Mwaka 1998 Dake Chen, akishirikiana na Cane, Zebiak na wenzao, alichapisha uchunguzi wa kilichotokea katika jarida la Geophysical Research Letters. Bahari ya modeli hiyo ilikuwa ikiandaliwa kwa vipimo vya upepo peke yake. Walipoingiza vipimo vya kimo cha bahari mwanzoni mwa hesabu, modeli ile ile iliweza kuitabiri El Nino vizuri zaidi. Kanuni zake zilikuwa na uwezo huo tangu awali. Tatizo lilikuwa salio la kuanzia. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kufunga hesabu za mwaka akitumia salio lisilo sahihi anaelewa ni kwa nini kurasa zote zinazofuata zinaweza kuwa sahihi kimahesabu na bado zikampotosha.

Kimo hicho cha bahari ndicho ambacho setilaiti hupima kuvuka bahari zote. Mapema mwaka 1997 TOPEX/Poseidon iliona wimbi refu la maji ya moto likivuka Pasifiki kutoka magharibi kwenda Amerika ya Kusini. Mawimbi ya namna hiyo huchukua takriban miezi miwili kuvuka bahari hiyo. Baadaye mwaka huo uso wa Pasifiki ya mashariki ulisimama zaidi ya sentimita 20 juu ya kawaida. Miezi hiyo miwili na ile inayofuata ndiyo mtaji wa utabiri, kwani bahari huenda polepole na hewa huifuata.

MIZANI YA BAHARI YA HINDI

Kwa Afrika Mashariki, Pasifiki ni nusu tu ya habari. Mwishoni mwa mwaka 1997 Bahari ya Hindi nayo ilipinda kama mizani: upande wa Afrika ulipata joto na uso wake kuinuka, huku upande wa Sumatra ukipoa na kushuka. Mwaka 1999 watafiti waliipa hali hiyo jina la ncha mbili za Bahari ya Hindi, na tangu hapo imekuwa kipimo kinachofuatiliwa kila vuli.

Setilaiti ile ile iliyopima bahari ilipima pia maziwa. Baada ya mvua hizo, Ziwa Victoria lilipanda kwa karibu mita 1.7. Wazee wa Mwanza, Kisumu na Entebbe walikuwa wameona jambo kama hilo baada ya mvua kubwa za mwaka 1961, ziwa lilipopanda kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache.

Hasara nyingine ilikuja kwa njia ambayo wachache waliitarajia. Maji yaliyotuama kaskazini mashariki mwa Kenya na Somalia yalizalisha mbu, na mbu wakaeneza homa ya Bonde la Ufa kwa watu na mifugo. Februari 1998 Saudi Arabia ilipiga marufuku mifugo kutoka Somalia. Mfugaji ambaye hakupoteza hata mbuzi mmoja kwa maji alipoteza soko. Mlolongo ulianzia kwenye joto la bahari na kuishia kwenye gati la kupakilia wanyama.

Mwaka 2006 mlolongo huo ulisomwa mapema zaidi. Wataalamu wa NASA na washirika wao, wakitumia vipimo vya joto la bahari, mvua na uoto kutoka setilaiti, walitoa tahadhari ya homa hiyo kwa Pembe ya Afrika wiki 2 hadi 6 kabla ya mlipuko kuthibitishwa. Muda huo unatosha kuanza kuchanja na kuwahi kuuza.

SAMAKI WA PERU NA CHAKULA CHA KUKU

Anayewekeza katika bidhaa za nje ana sababu nyingine ya kufuatilia. Pwani ya Peru hupata maji baridi yenye chakula kingi yanayopanda kutoka chini, na dagaa wa huko, wanaoitwa anchoveta, ndio malighafi kubwa ya unga wa samaki duniani. El Nino hufunika maji hayo kwa maji ya moto, na samaki hutoweka.

Mwaka 1972 El Nino, ikiongezewa na uvuvi wa kupita kiasi, iliangusha uvuvi huo. Watengenezaji wa chakula cha mifugo walikimbilia soya, bei ikapaa, na Juni 1973 Marekani ilizuia usafirishaji wa soya nje kwa muda. Nusu karne baadaye kisa kilijirudia kwa sura nyingine: mwaka 2023 Peru ilifuta msimu wa kwanza wa uvuvi katika eneo lake kuu la kaskazini na kati kwa sababu ya El Nino, na bei ya unga wa samaki ikapanda. Tofauti ni kwamba mwaka 1972 hakukuwa na setilaiti iliyopima kimo cha bahari. Mwaka 2023 kuongezeka kwa joto la Pasifiki kulifuatiliwa wiki kwa wiki, na mnunuzi aliyetaka kujihadhari alikuwa na nafasi hiyo.

PALE UTABIRI ULIPOKOSEA

Pamoja na mafanikio hayo, yeyote anayeuza utabiri kama jambo la hakika anastahili kuogopwa kama anayeahidi faida bila hatari.

Mapema mwaka 2014 setilaiti na maboya yalionyesha wimbi kubwa la maji ya moto likivuka Pasifiki, sawa na lile la mwaka 1997. Tahadhari zilitolewa, na baadhi ya wawekezaji wakajipanga kwa El Nino kubwa. Upepo haukuunga mkono, na El Nino kubwa haikutokea mwaka huo. Ilikuja mwaka 2015. Aliyekuwa sahihi kuhusu tukio alikuwa amekosea kuhusu tarehe, na sokoni hilo ni kosa kamili.

Mwaka 2015 wenyewe ulikuwa na funzo lake. Afrika Mashariki ilijiandaa kwa mvua kama za 1997, lakini mizani ya Bahari ya Hindi haikupinda kwa kiasi kile, na mvua hazikufikia ukali uliohofiwa. Mwaka 2019 ikawa kinyume: Pasifiki haikuwa na El Nino kubwa, lakini Bahari ya Hindi ilipinda sana, na vuli ikaleta mafuriko. Kwa maneno mengine, anayesikia neno El Nino redioni na kukimbilia kununua mahindi bila kuuliza hali ya Bahari ya Hindi anafanya biashara kwa nusu ya taarifa.

Kuna pia msimu ambao modeli zote hudhoofika. Utabiri wa Pasifiki unaotolewa kabla au wakati wa miezi ya Machi hadi Mei huwa na uhakika mdogo kuliko ule wa kuanzia Juni.

HESABU YA MWENYE GHALA

Utabiri wa msimu hutolewa kwa asilimia, na asilimia zinaweza kuwekwa katika shilingi. Chukua mfano wa mfanyabiashara mwenye magunia 300 shambani, ambaye akiyasafirisha mapema, kabla ya vuli, atalipa shilingi 2,000 zaidi kwa kila gunia. Gharama hiyo ni shilingi 600,000. Barabara ikikatika kabla hajasafirisha, atapoteza shilingi milioni 5.

Uwezekano wa barabara kukatika ukiwa asilimia 10, hasara ya kutarajiwa ni shilingi 500,000, na ni nafuu kusubiri. Ukipanda hadi asilimia 40, hasara ya kutarajiwa ni shilingi milioni 2, na kusubiri ni kucheza kamari. Mpaka wake ni asilimia 12. Kila mwenye mali anaweza kuutafuta mpaka wake kwa kugawa gharama ya kujihadhari kwa hasara inayoogopwa. Utabiri hauhitaji kuwa kamili ili ufae. Unahitaji tu kumwonyesha yuko upande gani wa mpaka huo, na kuwa sahihi mara nyingi kuliko kubahatisha. Anayefuata hesabu hiyo atajikuta miaka mingine amelipa shilingi 600,000 na mvua haikuja. Hiyo ni bima, na bima haihesabiwi kuwa hasara kwa kuwa nyumba haikuungua.

Taarifa zenyewe hazina bei. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa mwelekeo wa kila msimu. Kituo cha ICPAC, chombo cha IGAD kilichopo karibu na Nairobi, huwakutanisha wataalamu wa kanda kabla ya misimu ya mvua, utaratibu ulioanza mwaka 1998 baada ya mafuriko yale. Taasisi ya NOAA ya Marekani hutoa taarifa ya El Nino kila mwezi. Nyuma ya matangazo hayo kuna modeli zinazolishwa vipimo vya setilaiti na maboya.

Desemba 2022 NASA na CNES, zikisaidiwa na Kanada na Uingereza, zilirusha SWOT, setilaiti inayopima ukanda wenye upana wa kilomita 120 badala ya mstari mwembamba chini ya njia yake. Inaona vilima vidogo vya maji ambavyo zilizotangulia ziliviruka, na inapima mito na maziwa pia. Modeli sasa zinafundishwa kutumia vipimo hivyo.

Kwa wenye mali wa ukanda huu, miezi ya kuangalia ni Juni hadi Septemba, utabiri wa Pasifiki unapoanza kuaminika na mizani ya Bahari ya Hindi inapoanza kuegemea upande. Mkutano wa kanda kuhusu vuli hufanyika katika kipindi hicho. Mwenye ghala aliyekwisha piga hesabu ya mpaka wake kabla ya mkutano huo atakuwa na wiki kadhaa za kutafuta malori wakati nauli bado iko chini.